Nasoma nyumbani kila usiku lakini hakibaki kitu: nifanye nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro na asubuhi nauza maandazi. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, na sasa najiandaa nyumbani kwa Mtihani wa Maarifa ili baadaye nifanye mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kila usiku nasoma na kuandika notisi, nimejaza madaftari manne, lakini nikiulizwa nilichosoma juzi sikumbuki. Nikiandika insha, shemeji yangu aliyemaliza kidato cha sita anasema haieleweki, ila hanionyeshi ni wapi. Nimekuambatishia aya moja ya insha yangu kuhusu rushwa. Je, naweza kuinua uwezo wangu wa kusoma na kuandika nikiwa nyumbani, au ni lazima nilipie kituo cha masomo?

Jibu: Marahaba, dada. Unaweza, na aya uliyoniambatishia inanionyesha kwamba hukosi mambo ya kusema wala hukosi Kiswahili cha kuyasemea. Unachokosa ni vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa darasani huvipata hata asipovitafuta: mtu wa kumuuliza alichoelewa muda mfupi baada ya kusoma, na mtu wa kumrudishia kazi yake ikiwa imepitiwa kwa kalamu nyekundu. Anayejisomea nyumbani hana budi kuvitengeneza vitu hivyo mwenyewe, na karibu kila nitakalokueleza ni namna ya kuvitengeneza.

Nianze na yale madaftari manne. Wengi wanaojisomea huamini kwamba kunakili ni kusoma, kwa kuwa kunakili kunachosha, na kazi inayochosha huonekana kuwa imefanyika. Mkono unaweza kuhamisha sentensi kutoka kitabuni hadi daftarini huku akili ikiwa inawaza unga wa kesho. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu maandishi yetu husomeka kama yanavyotamkwa. Mtoto wa darasa la pili aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kukusomea tahariri ya gazeti kuhusu mfumuko wa bei bila kukwama popote, na asiwe ameelewa hata sentensi moja. Mtu mzima naye hudanganyika vivyo hivyo: kwa kuwa ulimi haukukwama, anadhani ameelewa.

Kwa hiyo usinakili tena. Soma sehemu fupi, kurasa mbili au tatu ambazo zina jambo moja, kisha funga kitabu, ukiweke mbali kabisa, na uandike kwa maneno yako kila unachokikumbuka. Usijali mpangilio, usijali mwandiko, na usikifungue kitabu hata ukiona aibu kwa uchache wa ulichoandika. Ukifika mwisho wa kumbukumbu yako, fungua kitabu na ujaze yaliyokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi ya pili ndiyo mwalimu wako. Inakuonyesha bila huruma ni kitu gani kilipita machoni bila kuingia kichwani.

Nikupe mfano. Tuseme umesoma kuhusu Vita ya Majimaji, ile iliyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi na kumalizika mwaka 1907. Ukifunga kitabu, nina hakika utaandika kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, na kwamba watu wengi walikufa. Kalamu ya rangi ya pili ndiyo itakayoongeza kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Tazama ni nini kilichobaki na nini kilichopotea: kilichobaki ni kisa, kilichopotea ni sababu na matokeo. Akili zetu hupenda visa. Mtihani, kwa upande wake, mara nyingi huuliza sababu na matokeo, na hapo ndipo mtahiniwa anayejua habari nzima ya Kinjekitile hupata alama chache na kushangaa. Ukishaona kwamba karatasi yako ya kumbukumbu hukosa sababu kila mara, utaanza kusoma ukiwa unazitafuta.

Kesho yake, kabla ya kufungua ukurasa mpya, jikumbushe tena ile ya jana bila kutazama popote. Wewe una nafasi ambayo wanafunzi wengi wa bweni hawana: unapokaanga maandazi mikono ina kazi lakini kichwa kiko huru, basi jisimulie kwa sauti ulichosoma usiku, kana kwamba unamweleza mteja aliyeuliza. Mahali utakapokwama ndipo pa kurudia usiku huo, na si sura nzima.

Hili si pendekezo la mwalimu mmoja tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari ileile katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka karibu asilimia 40 ya habari, na waliojipima walikumbuka karibu asilimia 61. La kushangaza zaidi ni kwamba wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Nadhani unaiona hali yako humo: kusoma tena na tena hutupa hisia ya kujua, na hisia hiyo huyeyuka siku tunapoulizwa.

Kuhusu maneno magumu, usikimbilie kamusi kwenye kila neno, maana utachoka kabla ya kufika mwisho wa aya. Pigia mstari neno usilolijua, endelea hadi mwisho wa aya, kisha jiulize kama aya imeeleweka bila neno hilo. Likiwa limezuia maana, ndipo ulitafute. Hapo kuna jambo ambalo shuleni hatulielezi vya kutosha: kamusi ya Kiswahili haikuorodheshei kila umbo la neno. Ukikuta “nyuso” katika habari, utazipata kwenye “uso”. “Meno” yako kwenye “jino”. “Nyimbo” ziko kwenye “wimbo”. Kitenzi kama “wakamfumania” huna budi kukivua viambishi vyote vya mbele hadi ubaki na “fumania”. Nimewaona watu wazima wakifunga kamusi kwa hasira wakidai neno halimo, kumbe walikuwa wakilitafuta likiwa limevaa nguo zake zote. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2015, inakutosha, na kama huwezi kuinunua, uliza maktaba ya mkoa, ambayo iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Sasa tuje kwenye uandishi, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko shemeji yako amekuacha njiani. Aya yako ni hii, kama ulivyoiandika:

“Rushwa ni adui wa haki kwasababu mtu akienda hospitali anaombwa hela na pia kwenye ajira na hata shuleni kwahiyo wananchi wanapata tabu sana na serikali ichukue hatua na sisi wananchi pia tutoe taarifa maana tukinyamaza itaendelea na maendeleo hayatapatikana.”

Shemeji yako ana haki ya kusema haieleweki, ingawa kila neno humo linaeleweka. Hii ni sentensi moja yenye “na” tano, na ndani yake umebana hospitali, ajira, shule, taabu ya wananchi, wajibu wa serikali, wajibu wa raia na hatari ya kunyamaza. Ukiwa unaongea na mtu sebuleni, sentensi kama hii hupita vizuri, kwa sababu sauti yako hupumzika, mikono husaidia, na msikilizaji akipotea hukuuliza. Msomaji wa karatasi hana pa kuuliza. Anapofika kwenye “pia kwenye ajira” anangoja umwambie kwenye ajira kunatokea nini, na wewe umekwisha kuhamia shuleni.

Dawa yake si maneno makubwa. Chukua jambo moja tu kati ya hayo saba na ulimalize. Tuseme hospitali:

“Rushwa humnyima mgonjwa haki ya kutibiwa. Mtu asiye na fedha za kumpa mhudumu huachwa kwenye benchi, huku aliyefika baada yake akiitwa ndani. Akichoka kusubiri hurudi nyumbani na ugonjwa wake, ilhali huduma aliyostahili kuipata imeuzwa kwa mwingine.”

Sentensi ya kwanza inataja hoja, ya pili inaionyesha ikitendeka, ya tatu inaeleza matokeo. Sikutumia neno lolote usilolijua. Fanya hivyo kwa ajira, kisha kwa shule, nawe utakuwa na aya tatu za kiini. Wajibu wa serikali na wa raia vitakupa aya moja au mbili, na utangulizi na hitimisho vitakuwa vifupi. Kwa maneno mengine, aya uliyoniambatishia haikuwa aya, ilikuwa mpango wa insha nzima, tena mpango mzuri. Watahiniwa wengi hukaa na kalamu dakika kumi wakiwa hawana hata mpango huo.

Kabla ya kuandika insha yoyote, basi, andika kwanza orodha ya hoja zako pembeni, neno moja au mawili kwa kila hoja, na uipe kila moja aya yake. Ukimaliza, iache ilale. Isome siku inayofuata kwa sauti, taratibu, na kila unapoishiwa pumzi kabla ya nukta, weka nukta. Kila unapokuta “na” ya pili ndani ya sentensi, jiulize kama inaunganisha vitu vya aina moja au inaburuta tu mawazo mapya. Ikiwa inaburuta, ifute na uanze sentensi nyingine.

Kuna makosa madogo ambayo msahihishaji huyaona haraka. Umeandika “kwasababu” na “kwahiyo”. Kila moja ni maneno mawili, “kwa sababu” na “kwa hiyo”. Kinyume chake, wengi siku hizi hutenganisha kisichotenganishwa na kuandika “nina soma” badala ya “ninasoma”, au huangusha herufi h na kuandika “ata” na “uyu”. Ujumbe wa simu umechangia sana. Sina ugomvi na mtu anayemwandikia rafiki yake “cjui” au “xaxa”, kwa kuwa hapo wanaelewana wao kwa wao, lakini mkono uliozoea hivyo mwaka mzima hauwezi kubadilika ghafla siku ya mtihani. Kama unaweza, andika ujumbe wako wote kwa maneno kamili kuanzia leo, hata wa kuagiza mafuta ya kupikia. Ni mazoezi ya bure yasiyohitaji muda wa ziada.

Insha zenyewe, hata hivyo, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi. Mtihani utaufanya kwa mkono, na mkono usiozoea huanza kuuma mapema, mwandiko ukaharibika, na aya za mwisho zikasomeka kwa shida.

Zoezi jingine ninalolipenda, na ambalo shule nyingi zimelisahau, ni imla. Jirekodi kwenye simu ukisoma aya moja ya kitabu au ya gazeti kwa mwendo wa polepole, subiri siku mbili, kisha usikilize na uandike unachosikia, halafu ulinganishe na maandishi ya asili. Mtoto wako, kama amefika darasa la tano au la sita, anaweza kukusomea badala ya simu, na naye atafaidika kwa kusoma kwa sauti. Kwa Kiswahili, imla itakuonyesha alama za uandishi na maneno unayoyaunganisha ovyo. Kwa Kiingereza itakuonyesha mengi zaidi, kwa sababu lugha hiyo haiandikwi kama inavyosikika. Ila aya ya Kiingereza asiisome mtoto wala wewe, bali tumia sauti ya mtu anayeijua vizuri.

Nigusie Kiingereza kidogo, maana hukukitaja lakini najua kinakungoja. Vitabu vya masomo mengi ya sekondari vimeandikwa kwa lugha hiyo, na wewe uliiacha shule ukiwa ndio kwanza unatoka kwenye masomo ya Kiswahili ya msingi. Usitafsiri neno kwa neno pembeni ya kitabu. Soma aya nzima, funga kitabu, jieleze maana yake kwa Kiswahili kwa sauti, na ukishaweza kufanya hivyo bila kusitasita, ndipo uandike sentensi tatu au nne fupi za Kiingereza zinazosema jambo hilohilo. Ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili, tatizo ni la uelewa na si la lugha, na hakuna faida ya kukariri sentensi za Kiingereza usizozielewa. Jifunze pia maneno ya maagizo ya maswali hadi yakae kichwani: swali likisema “mention” linataka utaje tu, likisema “explain” linataka ueleze, na aliyetaja mahali palipotaka maelezo hupoteza alama alizokuwa na uwezo wa kuzipata.

Kuhusu vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vya shule husomwa bila malipo, hivyo simu yako inatosha kukuanzishia. Ninakushauri ujiepushe na makundi ya WhatsApp yanayorusha mafaili ya notisi usiku na mchana. Mtu huwa na mafaili mia mbili kwenye simu na hajafungua hata kumi, lakini moyo wake umetulia kana kwamba ameyasoma. Kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, kisomwe kwa utaratibu niliokueleza, ni bora kuliko hazina hiyo yote.

Kuna nyaraka nyingine ambazo watahiniwa wa kujitegemea hawazitumii ipasavyo, nazo ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kila somo, zikiwemo za upimaji wa kidato cha pili na za mtihani wa kidato cha nne. Zinapatikana kwenye tovuti ya Baraza. Humo utakuta swali lilivyoulizwa, lilivyotakiwa kujibiwa, na vielelezo vya majibu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya. Fanya hivi: soma swali la utungaji au la ufupisho, lijibu kwenye karatasi yako kabla ya kutazama chochote, kisha linganisha jibu lako na vile vielelezo. Hapo utakuwa umepata sehemu kubwa ya ile kalamu nyekundu niliyoitaja mwanzoni. Ufupisho, kwa maoni yangu, ndio zoezi lenye faida kuliko yote kwa mtu aliye peke yake, kwa sababu linakulazimisha uelewe kabla ya kuandika. Habari ya maneno mia mbili huwezi kuipunguza hadi sitini kwa kunakili.

Na shemeji usimwache. Tatizo lake ni kwamba ulimpa insha ukamuuliza kama ni nzuri, na mtu akiulizwa hivyo hujibu kwa jumla. Safari ijayo mpe aya moja tu na penseli, umwombe aweke alama ya kuuliza mahali popote alipolazimika kusoma mara mbili, bila kusahihisha na bila kueleza. Kazi hiyo itamchukua dakika tatu, hawezi kuikataa, nawe utajua ni wapi hasa. Akiona inafaa, ataendelea mwenyewe.

Sasa swali lako la mwisho, la kituo. Tofautisha kwanza vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kituo cha mtihani ni mahali unapojisajili na kufanyia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na hicho huwezi kukikwepa. Kituo cha masomo ni mahali unapofundishwa, na hicho ni hiari yako. Ukienda kuulizia cha masomo, usiulize kwanza ada. Uliza ni insha ngapi kwa mwezi mwalimu atazisoma na kuzirudisha zikiwa zimesahihishwa, na uombe kuona moja aliyoisahihisha kwa mwanafunzi mwingine. Wakikuambia kwamba wana notisi nzuri na mafaili ya kutosha, hela yako ibaki mfukoni, kwa sababu hayo unayo. Wakikuonyesha karatasi iliyojaa alama na maelezo pembeni, hapo kulipia hata miezi miwili ya Kiswahili na Kiingereza peke yake kuna maana, na masomo mengine ukaendelea nayo nyumbani. Usajili wa mtihani wenyewe hufungwa miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kufanya mtihani, na anayechelewa hulipa zaidi, kwa hiyo pita kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu nawe mwanzoni kabisa mwa mwaka, uulize tarehe, ada na picha wanazozitaka.